Miwani ya Baba na Namba ya Mwisho

Baba yangu hajawahi kutia sahihi karatasi ambayo hajaisoma, na hajawahi kusoma karatasi bila kuitafutia kosa. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale Machakos mjini, tangu ujana hadi alipostaafu, na kazi ile ilimwingia hadi akaja nayo nyumbani kwetu Mitaboni. Barua ya shule ikija, ilikaa mezani siku mbili ikikaguliwa. Gunia la mbolea lilisomwa mbele na nyuma. Hata kadi ya Krismasi aliipitia kwanza akiwa na kalamu mkononi.

Nayasema haya ili ujue kwa nini mama yangu alikaa miaka ishirini na minne bila ndoa ya kanisani.

Kimila walishaoana zamani. Mbuzi walipelekwa, wazee wakala, watu wakaimba, na hakuna aliyewahi kumwita mama kitu kingine ila mke wa baba. Lakini sisi ni Wakatoliki, na mtu ambaye ndoa yake haijabarikiwa hapokei komunyo. Jumapili zote za utoto wangu nakumbuka magoti ya wanawake yakipita mbele ya uso wangu wakienda kupokea, na mama akisogeza miguu kando ili awapishe, kisha anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Siku moja niliuchungulia mkoba huo. Hamkuwa na kitu cha kutafutwa.

Kosa lilikuwa la nani? La baba, na la fomu. Mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, walienda kumwona padre wa wakati huo kupanga harusi. Padre alikuwa na haraka, pikipiki ilishawashwa nje. Akampa baba fomu tupu, akamwambia atie sahihi pale chini, mengine yatajazwa baadaye. Baba akaitazama fomu, akaitazama pikipiki, akachukua kofia yake. "Karatasi haina maandishi, haina namba," akasema. "Hii si karatasi. Hii ni mtego." Wakarudi nyumbani. Mama anasema njia nzima hakuna aliyefungua mdomo ila mimi, na mimi nilikuwa nalia.

Baada ya hapo ikawa kiburi, na kiburi cha baba nakijua kwa sababu nimekirithi. Kila padre mpya aliyekuja aliliuliza jambo hilo, na kila mmoja alijibiwa alete kwanza hiyo karatasi isomwe. Mwishowe, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, akaja padre kijana, mcheshi, akasema, "Mzee, cheti nitakiandika chote, na utakisoma mbele ya watu wote kabla hujatia sahihi. Unataka nini tena?" Baba akakubali. Siku ikapangwa, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Mama aliingia jikoni akaanza kuimba, na sisi watoto tukatazamana maana mama si mtu wa kuimba.

Tatizo likawa macho. Baba alikuwa haoni tena maandishi ya karibu, na alificha jambo hilo kwa ustadi wa mwizi. Alikuwa akimsomea mama gazeti kila jioni barazani. Mama alimgundua siku alipomsomea bei ya mahindi, nayo ikawa ile ile ya mwaka uliopita. Kumbe siku nyingi alikuwa anajitungia habari. Alipobanwa alikiri, kisha akaweka sharti lake hapo hapo: bila miwani hasomi, na asiposoma hatii sahihi. Mama aliweka sufuria chini kwa kishindo hadi kuku wakakimbia.

Ndipo nikaingia mimi, na diploma yangu.

Nilikuwa nimetoka Nairobi kusomea kompyuta, na watu wa shirika dogo lililokuwa likipima macho bure vijijini walinitafuta. Walikuwa wanakuja kufanya kambi ya siku moja kwenye ukumbi wa kanisa, mwanzoni mwa Kwaresima. Walitaka programu ya kuandikisha wagonjwa, kuweka vipimo vyao, na kuchapa oda za kupeleka kwenye karakana ya miwani Nairobi. Miwani ingerudi baada ya wiki kama tano hivi. Nikahesabu siku kwa vidole. Miwani ya baba ingefika kabla ya harusi, tena kupitia mikono yangu mwenyewe. Nilijiona mtu.

Kazi yenyewe nikueleze polepole, maana hapa ndipo nilipojikwaa. Programu yangu ilikuwa na majedwali mawili. Jedwali la kwanza lilikuwa la watu: jina, umri, mahali. La pili lilikuwa la macho, na kila jicho lilikuwa na mstari wake, kwa sababu la kulia na la kushoto hayalingani. Ukiandikisha mtu, kompyuta yenyewe humpa namba. Mimi siichagui, na haiwezi kujirudia. Sasa ule mstari wa jicho lazima ubebe namba ya mwenye jicho, la sivyo unabaki na jicho lisilo na mwenyewe. Swali ni hili: nikishamhifadhi mtu, nitajuaje kompyuta imempa namba gani?

Kwanza nilidhani nitamtafuta kwa jina. Nani alinituma! Sisi Wakamba mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, na huyo babu alipewa la babu yake, na mengi ya majina hayo yanaeleza tu kwamba mtu alizaliwa asubuhi, au njiani, au wakati wa mvua. Na watu wangapi wamezaliwa asubuhi? Mimi mwenyewe nina jina la mama yake baba, ndiyo maana hadi leo ananiita "mwaitu", yaani mama yangu, hata wakati ananigombeza. Nilijaribu jina moja tu kwenye orodha ya majaribio, wakanijia watu tisa. Nikaachana na majina.

Kisha nikapata ujanja. Kwa kuwa namba zinapanda tu, mtu aliyeingizwa sasa hivi ndiye mwenye namba kubwa kuliko wote. Basi nikishamhifadhi mtu, naiambia programu iangalie namba ya mwisho kwenye jedwali, halafu iiandike kwenye macho yake. Nilijaribu wiki nzima pale mezani nyumbani, peke yangu, na haikukosea hata mara moja. Kweli, ukicheza bao peke yako unashinda kila siku.

Baba alikuja akasimama nyuma yangu. "Hiyo mashine ikipatia mtu namba, inakuambia?"

"Hakuna haja, baba. Naangalia ya mwisho."

"Unaangalia ya mwisho." Alilirudia neno hilo kama askari anayeandika maelezo ya mshukiwa. "Mwaitu, kwetu masjala, mwenye daftari ndiye anatoa namba. Wewe unangoja hapo kaunta mpaka akutajie, na unaiandika kwa karatasi yako ukiwa bado umesimama. Huendi kuchungulia ya mwisho. Kati ya wewe kuchungulia na wewe kuandika, kuna watu wengine pia wanaishi hapa duniani."

"Hiyo ilikuwa ya makarani, baba. Hii ni kompyuta."

Akaenda zake barazani kutolisoma gazeti. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, na niliona nimemweza.

Siku ya kambi ukumbi ulijaa kabla jua halijapanda. Watu walitoka Mitaboni, walitoka Matuu, wengine walikuwa walinzi wa ranchi za huko Konza waliosema wanapiga tochi na hawaoni kama ni ng'ombe au ni mtu. Meza zilikuwa mbili, kila moja na kompyuta yake, na waya ulipita katikati ya ukumbi chini ya mkeka ili watu wasijikwae. Meza ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili alikaa dada mmoja wa shirika, mpole, mwenye vidole vya haraka. Mgonjwa alipimwa macho chumba cha ndani, akapewa kikaratasi cha vipimo, akaja kwa mmoja wetu.

Nilikuwa nimeitengeneza programu kwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni mtu mwenyewe, unamhifadhi. Wa pili ni macho yake; ukihifadhi, ndipo inaangalia ile namba ya mwisho. Kati ya kurasa hizo mbili hapakuwa na kitu cha kufanya ila kubonyeza. Labda mgonjwa awe baba yangu.

Alikuja amevaa suti, na mama nyuma yake. Mama hakusimama na sisi. Alienda kuketi kwenye benchi la meza ya pili, karibu na mama mmoja wa buibui, na baada ya dakika mbili walikuwa wanaongea kama waliozaliwa nyumba moja. Mimi nikaandika jina la baba, umri, kijiji, nikahifadhi.

"Namba yangu ni ngapi?" akauliza.

"Baba, namba ni ya mashine."

"Najua ni ya mashine. Ni ngapi?"

"Haionyeshi."

"Haionyeshi, ama wewe hujaiuliza?"

Foleni ikaanza kucheka. Baba akageuka, akaiangalia foleni, na nikajua nimekwisha, kwa sababu baba akipata watu wa kumsikiliza hawaachi. "Watu wangu," akasema, "kuuliza si ujinga. Mtu ameandikwa, hana namba. Kesho akipotea, atatafutwa na nini?" Mzee mmoja wa Matuu akasema kweli kabisa. Mlinzi mmoja wa Konza akataka na yeye aambiwe yake. Nikawaka. Nilimwambia baba mbele ya watu wote kwamba mambo ya masjala ayaache masjala, kwamba yuko nje ya kazi, na kwamba kuna watu wamelala njaa wakingoja yeye amalize hotuba. Dakika tatu hivi zilipita, labda nne. Kisha nikafungua ukurasa wa pili, nikaandika macho yake kwa hasira nikigonga vitufe kama natwanga, nikahifadhi.

"Umemaliza, baba. Mwingine!"

Akatoa kidaftari chake mfukoni na, bila kuona anachoandika, akaandika kwa herufi kubwa: NAMBA HAIKUTOLEWA.

Miwani ilirudi Alhamisi kabla ya Jumapili ya Matawi. Ilikuja kwenye maboksi, kila mtu na bahasha yake yenye jina na namba, na nilikuwa nimejitolea kusaidia kugawa. Nikatafuta bahasha ya baba. Nikatafuta tena. Nikamwaga boksi zima kwenye meza. Haikuwepo.

Nikafungua kompyuta. Baba alikuwepo: jina, umri, kijiji. Chini yake, mahali pa macho, palikuwa patupu.

Baba alikuwa amesimama hapo hapo na kofia mkononi. "Kwa hivyo mashine yako inasema niko na umri, niko na kijiji, na sina macho."

Hakuwa yeye peke yake. Nilipochunguza nilikuta watu saba wasio na macho. Nikakuta na wengine saba, Mungu anisamehe, wenye macho manne kila mmoja. Na watu wa karakana si watu wa kuuliza maswali. Ukiwapelekea macho manne wanakutengenezea miwani mbili.

Ndipo nilipoelewa. Wakati baba anaihutubia foleni, yule dada wa meza ya pili alikuwa ameandikisha mtu wake. Namba ya mwisho haikuwa tena ya baba. Nilipohifadhi macho ya baba, programu ilichungulia ya mwisho kama nilivyoifundisha, ikamvisha mtu mwingine macho yake. Baba ndiye aliyenichelewesha, ndiyo, lakini alinichelewesha kwa kuuliza swali ambalo programu yangu ilipaswa kuuliza. Sijawahi kuona haya hivyo maishani mwangu.

Oda mpya ingechukua wiki tano tena. Harusi ilikuwa imebakiza siku kumi na sita. Nilirudi Mitaboni nikamkuta mama jikoni anachambua maharagwe, nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, sikuthubutu kuketi. Alichambua hadi akamaliza ungo mzima.

"Zamani nilingojea fomu," akasema. "Sasa nangojea mashine."

Afadhali angenipiga. Nililia pale mlangoni kama mtoto. Mama si mtu wa kubembeleza, alinisukumia kigoda kwa mguu, akaniambia niache kumlowesha maharagwe na nieleze vizuri macho ya mume wake yameenda wapi.

Nikamweleza kwamba lazima yako kwa mtu aliyefuata namba ya baba. Nilishamwona kwenye kompyuta: mwanamke, miaka hamsini na tisa, mahali Machakos mjini. Basi, hakuna zaidi. Bahasha zake mbili zilikuwa zimeshachukuliwa asubuhi hiyo na mtu aliyetumwa. Mjini kote nitampata wapi mwanamke wa miaka hamsini na tisa?

Mama akaacha ungo. "Si ni yule mama wa duka la vitambaa, huko nyuma ya msikiti? Nilikuwa nimeketi na yeye. Wakati baba yako anahubiri, ndiye alikuwa mezani kwa yule mwenzako. Hata aliniambia mguu wake wa kushoto unafura jioni." Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Hiyo haiko kwa mashine?"

Haikuwa.

Kesho yake asubuhi tukaenda, mimi na mama. Mwenye duka alikuwa mtu wa pwani aliyeolewa Machakos tangu msichana, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wawili tusikike kama watu wanaotafuna kokoto. "Karibuni, karibuni ndani, bibi harusi!" akamwambia mama, maana mambo ya harusi walishayaongea yote pale kwenye benchi. Alikuwa kwenye cherehani, miwani puani. Nilipoanza kueleza hakuningoja nimalize.

"Nilijua mimi lipo jambo. Bure gani hii ya kupewa mara mbili?" Akafungua mtoto wa meza akatoa miwani ya pili, imefungwa kwa kitambaa. "Hii niliyovaa natungia uzi, nashukuru Mungu. Hiyo nyingine nikiivaa, sindano siioni kabisa, lakini mume wangu akiingia namwona kijana. Makunyanzi yote yamefutika! Basi nikasema niiweke ya kumtazamia yeye."

Mama alicheka hadi akashika meza. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo mbele ya mtu mgeni. Yule mama akaikabidhi miwani, kisha akateremsha doti ya leso mpya kutoka kwenye rafu akamtupia mama begani, akakataa hata kusikia habari ya kulipwa, akasema bibi harusi haondoki kwake mikono mitupu. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe mwanangu, babako alipokuuliza namba si ungempa? Ukumbi mzima tulisikia."

Baba alivaa ile miwani uani, saa nne asubuhi, na hadi saa saba alikuwa hajanyamaza. Alisoma gunia la mbolea. Alisoma kopo la dawa ya ng'ombe, onyo hadi anwani. Akaingia sebuleni akaisoma diploma yangu ukutani, na kwenye mstari wa tatu akapata kosa. Kweli lilikuwepo. Nilikuwa nimeishi nalo mwaka mzima.

Jumatatu nilikaa kitako na kitabu cha kompyuta, nikarudi kwenye ukurasa ambao niliuruka kwa sababu ulionekana mrefu. Ulisema jambo dogo tu. Ukishahifadhi mtu, unaweza kuuliza hapo hapo: umenipa namba gani, mimi, kwenye waya wangu huu? Itakutajia namba yako, yako peke yake, hata kama watu kumi wengine wameandikishwa wakati huo huo kwenye meza nyingine. Unaishika mkononi na kuiandika kwenye jicho la kulia na la kushoto. Ulikuwa mstari mmoja wa maandishi. Nikauweka, nikaongeza na namba ionekane kubwa kwenye kioo ili mgonjwa aisome mwenyewe. Kisha nikakopa kompyuta ya pili, nikamweka mdogo wangu kwenye moja na mimi nyingine, tukaandikisha watu wa uongo kwa kushindana. Hakuna jicho lililopotea.

Baba alikuwa nyuma yangu, miwani puani. "Sasa inakutajia?"

"Inanitajia."

"Ukiwa bado kaunta?"

"Nikiwa bado kaunta, baba."

"Sawa," akasema. "Sasa naweza kukuajiri masjala." Nikamwomba msamaha kwa yale niliyomwambia ukumbini. Akasema hayakumbuki, kwa kuwa hayakupewa namba.

Wale wengine sita tuliwapata kwa njia ile ile, mimi nikitaja aliyefuata nani, mama akitaja anakaa wapi.

Harusi ilifika. Mama alivaa gauni la kitambaa cha rangi ya maziwa, na ile leso begani. Baada ya viapo, kimeza kikawekwa mbele ya altare, na cheti juu yake, kimeandikwa chote kwa mwandiko mzuri kama padre alivyoahidi. Baba akatoa miwani mfukoni. Akaipangusa. Akaivaa. Akaanza kusoma.

Alisoma kila neno, midomo ikicheza. Kwaya iliimba wimbo ikaumaliza, ikaanza tena kutoka ubeti wa kwanza. Watu wakaanza kunong'ona. Shangazi zangu wakawa wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo. Mama alikuwa amesimama wima, mikono mbele, haangalii kushoto wala kulia. Hatimaye baba akachukua kalamu, akafungua kifuniko, akainama. Akasimama tena.

"Padre. Namba iko wapi?"

Juu kabisa ya cheti kulikuwa na nafasi ya namba, na ilikuwa tupu.

"Ah, hiyo tutaijaza Jumatatu, mzee," padre akasema akitabasamu. "Karani wa ofisi akija."

Baba akarudisha kifuniko kwenye kalamu.

Nikamwona mama akiikamata ile leso kwa mkono mmoja na kuikunja, kuikunja, na uso wake ukawa ule ule wa kutafuta kitu kwenye mkoba. Nilimkasirikia baba, nilimkasirikia padre, na papo hapo nikakumbuka ni nani mwingine aliyewahi kumwambia baba yangu kwamba namba si kazi yake.

Nikainuka, viatu vikilia sakafuni, nikaenda hadi mbele. "Padre, daftari la ndoa liko wapi?"

Lilikuwa ofisini nyuma ya kanisa, na funguo anazo katekista. Tulienda naye mbio, mimi nikiwa nimeshika gauni, tukarudi tumelibeba wawili, kubwa, jalada jeusi. Padre akalifungua kwenye ukurasa wenye nafasi. Namba zilikuwa zimeshachapwa pembeni, moja kila mstari. Akaandika jina la baba na la mama kwenye mstari ulio wazi, bila haraka, kisha akainama kwenye kipaza sauti na kuitaja namba ya mstari ule, kanisa zima likasikia.

Baba aliiandika kwenye cheti akiwa amesimama pale pale. Akailinganisha na daftari. Akatia sahihi. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimtisha mtoto mmoja hadi akaanza kulia, na mimi nikamsaidia.

Mama naye akatia sahihi yake. Alipoinua kichwa, baba alikuwa anamtazama kwa ile miwani, karibu, kwa muda mrefu, kama anavyotazama karatasi.

"Hee," akasema taratibu. "Kumbe umekuwa na mvi hivi?"

"Umeshatia sahihi," mama akamjibu. "Umechelewa."

Misa ikaendelea. Ulipofika wakati wa komunyo maharusi ndio hutangulia, na baba alikuwa bado amevaa miwani ya kusomea, haioni ngazi ya altare, anaitafuta kwa ncha ya kiatu huku watu wote wanangoja. Mama akaweka mkoba wake kwenye benchi, mbele yangu, akaniachia.

"Mzee, nipishe," akasema. "Mimi nimengoja kutosha." Akampita, akatangulia kupokea.